Kosa la Mashine na Kosa la Mkasi

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kuanzia Muheza na Tanga hadi Wete na Mkoani, limo sanduku la zamani ambalo hufunguliwa mara chache. Ndani yake mna hati ya shamba, stakabadhi za kodi, picha za harusi, na barua zilizofungwa kwa uzi. Mwenye sanduku akifariki dunia, warithi hugawana shamba na vyombo, kisha sanduku humwagwa. Hati hutunzwa. Barua huchomwa, au hupewa watoto wachezee. Na mtoto mwerevu huchukua mkasi akazikata stempu moja moja, akazitia koponi, na bahasha zikaenda jaani.

Leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu wa bara na wa visiwani, na hasa ndugu zetu watumishi wa Serikali wanaotunza majalada ya ofisi, juu ya mkasi huo na juu ya vipande vidogo vya karatasi unavyovikata. Huenda wako watakaoshangaa kwamba ukurasa uliozoea kuzungumzia barabara, mazao na shule umeshuka hadi kwenye stempu. Tunawaomba wavumilie. Jambo dogo likiachwa kwa muda mrefu huzaa hasara kubwa, na hasara tunayoizungumzia hapa ni ya historia yetu wenyewe.

Kwamba wapo watu duniani wanaokusanya stempu, hilo linajulikana. Lisilojulikana sana kwetu ni kwamba miongoni mwao wamo wasioitaka stempu iliyo kamili, bali iliyokosewa: iliyotobolewa vitundu pasipo mahali pake, iliyokosa vitundu kabisa, au iliyokatwa kombo ikachukua nusu ya jirani yake. Kwa asiyejua, kipande hicho ni takataka. Kwa ajuaye, ni ushahidi.

MENO YA STEMPU YALIVYOANZA

Stempu ya kwanza ya posta ilitolewa Uingereza mwezi Mei 1840, kwa juhudi za Rowland Hill. Ilikuwa ya peni moja, rangi nyeusi, yenye kichwa cha Malkia Victoria. Zilichapwa stempu 240 katika karatasi moja, safu 20 zenye stempu 12 kila safu, ili karatasi nzima itimize thamani ya pauni moja kwa hesabu ya fedha za wakati ule. Lakini hazikuwa na vitundu. Karani wa posta alikaa na mkasi, akakata moja moja kadiri wateja walivyokuja. Alipokuwa na haraka, alikata ndani ya picha. Alipokuwa na mkono mtulivu, aliacha ukingo mweupe pande zote nne. Ndiyo maana hata leo stempu za miaka ile hupimwa kwanza kwa ukingo wake. Anayeitazama anautazama mkono wa karani aliyekufa zamani.

Mtu wa Ireland aitwaye Henry Archer alibuni mashine ya kutoboa safu za vitundu kati ya stempu na stempu, ili zichanike kwa mkono. Serikali ya Uingereza ilinunua haki ya ubunifu wake mwaka 1853 kwa pauni 4,000, na mwaka 1854 stempu zenye vitundu zikaanza kuuzwa rasmi. Mwaka 1866 Dakta Legrand wa Paris akatoa kipimo ambacho wakusanyaji wanakitumia mpaka sasa: hesabu vitundu vilivyomo katika urefu wa sentimita mbili. Vikiwa 14, stempu hiyo ni ya kipimo cha 14. Kwa njia hiyo rahisi, stempu mbili zinazofanana kwa picha, rangi na bei huweza kutambulika kuwa zilipita katika mashine mbalimbali, pengine katika miaka mbalimbali.

NAMNA MAKOSA YANAVYOTOKEA

Ili msomaji atuelewe, hatuna budi kueleza kazi yenyewe. Karatasi kubwa huchapwa picha kwanza. Kisha hupelekwa kwenye mashine ya kutoboa, ambayo ina sindano nyingi za chuma zinazoshuka pamoja. Mwisho, kisu kikubwa huigawa karatasi katika vipande vinavyopelekwa posta. Katika hatua hizo tatu, kila moja ina makosa yake.

Karatasi ikipita bila kutobolewa kabisa, hupatikana stempu zisizo na meno. Mashine ikiruka safu moja tu, hupatikana stempu mbili zilizoungana, zenye meno pande zote isipokuwa katikati yao. Karatasi ikisogea kidogo, vitundu hupita juu ya picha, na jina la nchi lililopaswa kuwa juu huonekana chini. Ikitobolewa mara mbili, huwa na safu mbili za vitundu zilizopishana. Pembe ya karatasi ikikunjika kabla ya kupita mashineni, ikikunjuliwa huwa na ulimi wa karatasi uliozidi, na vitundu vilivyokwenda mshazari. Sindano ikiwa butu au imevunjika, huacha alama bila kutoboa. Na kisu kikikosea, stempu ya pembezoni hukatwa nusu, au hubaki na ukingo mpana upande mmoja na kukosa upande wa pili.

Katika matbaa kuna wakaguzi ambao kazi yao ni kuzitoa karatasi hizo na kuziharibu. Kwa hiyo stempu yenye kosa iliyofika mikononi mwa mwananchi ni ile iliyomponyoka mkaguzi, ikamponyoka karani, ikabandikwa juu ya barua na kusafiri. Uchache wake unatokana na hayo.

Hapa pana jambo moja la kushika. Stempu mbili zilizoungana bila vitundu katikati zina maana zikiwa mbili. Ukizitenganisha kwa mkasi, umebaki na vipande viwili visivyothibitisha lolote, kwa sababu hakuna awezaye kujua kama katikati palikuwa na meno yakakatwa. Mkasi wa sekunde moja umefuta ushahidi wa miaka mia.

MAMBO HAYA SI YA UGENINI

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Sivyo. Mwambao wetu na nchi jirani zina hazina ya makosa ya aina hii, na karibu kila kosa linasimulia jambo lililotokea.

Mwezi Novemba 1895 huduma ya posta ya Zanzibar, ambayo tangu mwaka 1875 ilikuwa chini ya posta ya India, ilitolewa huko. Stempu za Zanzibar zilikuwa bado hazijatengenezwa. Basi zilichukuliwa stempu za India zikapigwa juu yake jina "Zanzibar", na kazi hiyo ilifanywa katika matbaa ya gazeti, Zanzibar Gazette. Sisi wa magazeti tunajua jinsi herufi zinavyoteleza mkononi usiku. Baadhi ya stempu zilitoka zimeandikwa "Zanzidar", nyingine "Zanibar". Jina la kisiwa kizima limekosewa katika hati ya Serikali! Walioziona siku zile pengine walicheka. Leo stempu hizo zimo katika kila katalogi kubwa ya dunia.

Mwaka huohuo wa 1895, huko Mengo, Uganda, Kasisi Ernest Millar alipiga stempu kwa taipureta, bei yake ikihesabiwa kwa kauri. Hazikuwa na vitundu. Zilikatwa kwa mkono, na upana wake ulibadilika kwa kuwa baadaye alizipunguza ili nyingi zaidi zienee katika karatasi moja. Na kabla ya hapo, stempu za Kampuni ya Kiingereza iliyotawala Mombasa na sehemu za bara yake, zilizoanza kutolewa mwaka 1890, zinajulikana sana na wakusanyaji kwa zile zilizoungana mbili mbili bila vitundu katikati.

Katika mkoa wetu wa Tanga liko tukio linalostahili kufundishwa mashuleni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walizingirwa baharini na stempu zikawapungukia. Mwaka 1916 stempu za dharura zilichapwa katika matbaa ya misheni ya Vuga, katika milima ya Usambara Magharibi, palepale palipokuwa makao makuu ya watawala wa Kikilindi. Zilikuwa za bei tatu: heller mbili na nusu, heller saba na nusu, na rupia moja. Hazikupata kutumika. Meli iitwayo Marie ilipenya kizuizi cha Waingereza, ikatia nanga katika ghuba ya Sudi, kusini mwa pwani yetu, mwezi Machi 1916, na stempu kutoka Ujerumani zikawasili. Zile za Vuga zilifukiwa ardhini zisiangukie mikononi mwa adui. Baada ya vita zikafukuliwa, nyingi zimeharibiwa na unyevu, na zilizosalia zikapelekwa Ujerumani. Leo wakusanyaji wa nchi za mbali huziita kwa jina la Wuga, kama Wajerumani walivyoliandika. Ni wangapi mkoani mwetu wanaojua?

Ndugu zetu wa Mafia nao wana sura yao. Waingereza walikiteka kisiwa hicho Januari 1915, na stempu za Kijerumani zilizokutwa zikapigwa kwa mkono chapa ya "Mafia". Unguja nayo, kuanzia mwaka 1926, ilikuwa na stempu za kutoza barua zilizolipiwa pungufu, zilizochapwa na Mpiga Chapa wa Serikali hukohuko kisiwani. Hazikuwa na gundi. Hazikutobolewa vitundu, bali zilichanjwa kwa mikato midogo, na pande za kushoto na kulia zikaachwa bila kuchanjwa. Mojawapo ya makosa yake ni nukta iliyoingia katikati ya neno "cents". Mpanga herufi wa Unguja aliyeiweka nukta hiyo hakuandikwa popote. Nukta yake imeandikwa.

Vita Kuu ya Pili nayo iliacha alama katika meno ya stempu. Stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zilichapwa London na kampuni ya De La Rue, ambayo karakana yake iliteketezwa kwa mabomu mwishoni mwa Desemba 1940. Stempu za Mfalme George wa Sita zilizotumika katika nchi zetu, ingawa picha ni zilezile, zina vipimo mbalimbali vya vitundu. Na katika miaka ya 1941 na 1942 zilitumika hapa stempu za Afrika Kusini zilizopigwa chapa ya nchi zetu tatu. Stempu hizo zilikuwa na maandishi ya Kiingereza katika moja na ya Kiafrikana katika inayofuata. Kwa hiyo habari yake haikamiliki mpaka zikiwa mbili zilizoungana. Hapo tena mkasi ni adui.

Hata jahazi letu limo. Katika stempu za mwaka 1935 zenye picha ya jahazi likiwa Ziwa Viktoria, ziko ambazo kamba imelishika tanga, na ziko ambazo kamba haikulifikia. Mchongaji wa London hakuona tofauti. Baharia wa Pangani angemweleza mara moja kwamba jahazi hilo halitafika.

Halafu ukaja mwaka 1964. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, stempu zilizokuwa zikitumika Zanzibar zilikuwa bado na sura na majina ya utawala uliokwisha ondolewa. Hapakuwa na muda wa kungoja mpya kutoka ng'ambo. Mihuri ikatengenezwa, na makarani wakazipiga kwa mkono stempu zilizopo maneno "Jamhuri 1964". Nyingine chapa ilikaa wima, nyingine ilipinda, nyingine ilikaa kichwa chini, nyingine ikapigwa mara mbili. Baadaye mwaka huohuo zikaja zilizochapwa nadhifu na matbaa ya ng'ambo. Sisi tunasema kwamba zile zilizopinda zina maelezo zaidi kuliko zilizonyooka, kwa sababu ndani yake mnaonekana haraka ya siku zile, na mkono wa karani aliyepewa kazi ya kuitangaza dola mpya kwa wino na muhuri.

MUHEZA KATIKA BAHASHA

Sasa tuje hapa Muheza. Reli ya kwanza katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ikafika Muheza mwaka 1896. Kabla ya hapo, misheni ya Magila, ambayo ni jirani, ilikuwa na uhusiano mkubwa na Unguja, na barua zake zilipitia huko. Kisha yakaja mashamba ya katani, na mwaka 1902 Chuo cha Utafiti cha Amani mlimani. Mahali penye reli, misheni, mashamba na watafiti hapakosi barua. Barua zikaenda Berlin na London. Lakini nyingi zaidi, tunaamini, zilikwenda kwa ndugu: kwa kibarua wa katani aliyeacha watoto mbali, na kwa Mpemba aliyevuka kuja Tanga kufanya biashara akaacha wazee kisiwani.

Katika mihuri ya posta ya Kijerumani jina la mji huu liliandikwa "Muhesa", kwa kuwa Mjerumani husoma s iliyo kati ya irabu kama z. Mtu aliyezipanga bahasha za Muheza kwa miaka angeiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake: stempu za Kijerumani, kisha za Kiingereza zilizopigwa herufi G.E.A.; kisha za Tanganyika zenye kichwa cha twiga, zilizoanza mwaka 1922; kisha za nchi tatu pamoja tangu 1935; kisha za Uhuru wa 1961; na mwisho za Jamhuri ya Muungano. Lakini habari hiyo yote imo katika mambo mawili yakiwa pamoja: stempu na muhuri. Stempu peke yake inasema nchi. Muhuri mzima ndio unaosema mji na siku. Na muhuri hukaa nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha.

Kwa hiyo mtoto yule mwenye mkasi, ambaye hana hatia kwa kuwa hakuambiwa, anapoikata stempu huikata pia "Mu" ikabaki huku na "heza" ikaenda jaani. Ndiyo maana tumesema kwamba kosa la mashine ni kosa dogo. Mashine ikikosea huacha ushahidi wa kukosea kwake. Mkasi ukikosea haubakishi kitu.

KOSA LA KWELI NA KOSA LA HILA

Hatuna budi kuwaonya wasomaji wetu. Palipo na thamani hapakosi ulaghai. Wako wanaonyoa meno ya stempu ya kawaida wakaiuza kuwa ni ile isiyotobolewa. Ndiyo maana mkusanyaji mwangalifu hudai stempu yenye ukingo mpana kuliko kawaida, au mbili zilizoungana. Wako wanaotoboa vitundu vipya kwa mashine ndogo ili kuigeuza stempu ya bei ndogo iwe ya bei kubwa. Hao hugunduliwa kwa kupima, na kwa kuvitazama vitundu chini ya kioo cha kukuzia. Na katika nchi mbalimbali zimetokea karatasi za majaribio, zilizopaswa kuchomwa matbaani, zikatolewa kwa mlango wa nyuma. Hata ziko zilizokosewa makusudi ili ziuzwe. Kosa la namna hiyo halikusafiri na barua yoyote wala halisimulii chochote ila tamaa.

Hapa tunasema na watumishi wa posta kwa heshima. Stempu ni fedha ya umma. Karani akikuta karatasi yenye kasoro, wajibu wake ni kuiripoti na kuiandika, si kuiweka mfukoni akamtafutie mnunuzi. Sifa ya stempu ya nchi ni kama sifa ya noti yake: dunia ikianza kushuku kwamba makosa yake yanatengenezwa, hata yale ya kweli hupoteza heshima.

Wala hatutaki msomaji adhani kwamba kila stempu iliyopinda ni utajiri. Iko stempu moja mashuhuri ya Guiana ya Kiingereza, ya senti moja, ya mwaka 1856. Meli ya kuleta stempu ilichelewa, zikachapwa za dharura katika matbaa ya gazeti mjini Georgetown. Imekatwa pembe zake zote nne, ikawa na pande nane. Mvulana wa miaka 12 aliikuta mwaka 1873 katika makaratasi ya nyumbani akaiuza kwa shilingi sita. Mwaka 2014 iliuzwa New York kwa dola za Marekani zipatazo milioni 9.5, mwaka 2021 ikauzwa tena, kwa dola milioni 8.3, yaani kwa hasara. Somo la kwanza ni kwamba bei hupanda na kushuka, na stempu si benki. Somo la pili ni zito zaidi: nchi iliyoizaa stempu hiyo haikubaki nayo. Ilitoka kwa shilingi sita, na hata hazina ya serikali ingeona shida kuirudisha.

TUNAYOYAOMBA

Huenda mtu akauliza: je, katika nchi yenye mahitaji mengi, ni haki kushughulikia vipande vya karatasi? Na je, kwa nini tutunze sura za watawala waliotunyima uhuru? Maswali hayo ni ya haki, na tunayajibu. Kutunza bahasha hakuhitaji bajeti. Kunahitaji mtu aache kuichoma. Na anayetunza hati ya zamani hamtukuzi aliyeitia saini. Zile stempu za kifalme zilizopigwa "Jamhuri" zinathibitisha jambo hilo: sura ya mtawala imebaki chini, neno la wananchi liko juu. Kama zingechomwa zote, neno hilo nalo lingeungua.

Kwa wananchi tunaomba yafuatayo. Usikate stempu katika bahasha. Tunza bahasha nzima na barua yake. Usiziloweke stempu za zamani majini kabla ya kuonyesha kwa mjuzi. Usizitenganishe zilizoungana. Usitumie gundi wala utepe wa kunatia. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi; weka karatasi mahali pakavu, mbali na sakafu na ukuta, na uzikague mara kwa mara kwa ajili ya mchwa na wadudu. Pembeni yake weka kikaratasi kinachoeleza barua ni ya nani na ilitoka wapi, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa watumishi wa Serikali, bara na visiwani, ombi letu ni kubwa zaidi. Majalada ya zamani ya wilaya, ya mahakama na ya mashamba yana bahasha na hati zilizobandikwa stempu. Huku bara, Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Namba 3 ya mwaka 2002 imeweka utaratibu wa kutunza na kuteketeza kumbukumbu za umma. Kazi hiyo si ya mhudumu aliyepewa kiberiti na kuambiwa asafishe stoo. Kabla ya kusafisha, waulizwe watu wa Nyaraka za Taifa. Zanzibar ina hifadhi yake ya nyaraka Kilimani, inayoheshimiwa na watafiti wa nchi nyingi. Masanduku ya Pemba na Unguja yangefaa kupitia huko kabla hayajapitia mikononi mwa mchuuzi wa Mji Mkongwe anayenunua kwa kilo.

Kwa Shirika la Posta Tanzania, ambalo lilianza kazi mwaka 1994 baada ya kugawanywa kwa lililokuwa Shirika la Posta na Simu, tunapendekeza jambo lisilo na gharama kubwa: wakaguzi wake waandike daftari la kasoro zote zinazogunduliwa katika stempu za taifa, aina yake, tarehe na idadi, na daftari hilo liwe wazi kwa watafiti. Daftari la namna hiyo lingewafungia mlango walaghai, na lingewapa wakusanyaji wa kweli imani na stempu zetu. Walimu nao wakiamua kuanzisha vyama vya stempu mashuleni, wawafundishe watoto kupima vitundu kabla ya kuwafundisha kuuliza bei. Mtoto aliyejifunza kuhesabu vitundu 14 katika sentimita mbili amejifunza kutazama, na kutazama ndiko mwanzo wa elimu yote.

Siku hizi salamu hupita katika simu ya mkononi, na barua iliyoandikwa kwa mkono imekuwa adimu. Maana yake ni kwamba bahasha zilizopo ndizo zitakazokuwapo, hazitaongezeka. Katika idadi hiyo isiyoongezeka, kila moja inayochomwa Muheza, Pangani au Chake Chake imepungua kwa wote. Tunamwomba kila mwenye sanduku la wazee wake, na kila mtumishi mwenye ufunguo wa stoo, aifikirie idadi hiyo kabla ya kuushika mkasi au kiberiti.